Agile si mbinu ya utafiti

Msimu wa miradi ya mwaka wa nne umefika tena, na barua pepe za wanafunzi zimeanza kumiminika. Wengi wanauliza jambo moja: Sura ya Tatu iandikwe vipi? Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwa wasiojua, katika vyuo vyetu vingi shahada ya sayansi ya kompyuta haikamiliki bila mradi wa mwaka wa mwisho, na Sura ya Tatu ya ripoti ndiyo ya mbinu za utafiti. Ukienda maktabani ukapekua ripoti za waliotangulia, utakutana na sura ileile imevaa majina tofauti. Kwanza mchoro wa Waterfall, ule ambao asili yake ni makala ya Winston Royce ya mwaka 1970. Kisha aya mbili za kuusuta Waterfall na kuusifu Agile wa 2001. Kisha hojaji, pamoja na jedwali la Krejcie na Morgan, nalo la 1970, linalosema kwamba ukiwa na watu 1000 sampuli yako iwe 278. Sura imekwisha, twende kwenye msimbo.

Sina ugomvi na Agile. Ndiyo inayoniwekea ugali mezani. Lakini Agile inakueleza jinsi ya kujenga kitu. Haikuelezi jinsi ya kujua kama kitu ulichojenga kinafanya kile unachodai kinafanya. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mtahini anauliza la pili.

Mimi mradi wangu ulikuwa programu ya kutafuta mizizi ya maneno ya Kiswahili. Uipe "wanaposoma", ikurudishie "soma". Mtu akitafuta neno katika gazeti, apate na ndugu zake wote. Nilipompelekea msimamizi wangu pendekezo, aliruka michoro yote akaniuliza:

"Na ikishindwa, utajuaje?"

"Nitaijaribu, Daktari."

"Kuijaribu ni kuiona ikifanya kazi. Mimi nauliza utajuaje kwamba haifanyi."

Swali hilo ndilo somo zima la mbinu za utafiti. Mengine yote ni vifaa vya kulijibu. Ngoja niwaonyeshe vifaa vinne.

Cha kwanza ni mpinzani. Huwezi kusema programu yako ni nzuri bila kusema ni nzuri kuliko nini. Mpinzani wangu alikuwa kanuni ya kijinga kabisa: kata kiambishi kimoja cha mwanzo, kisha uache. Mistari michache ya Python, dakika kumi. Kama kazi ya miezi minane haiwezi kuishinda kazi ya dakika kumi, afadhali ujue mapema.

Cha pili ni maneno yaliyofungiwa. Maneno unayoyatazama ukiunda kanuni zako yasiwe yaleyale ya kuipimia programu. Ni kama mwalimu aliyewapa wanafunzi karatasi ya mtihani wiki moja kabla, halafu anajisifu kwamba darasa limepita. Kwa hiyo gawanya maneno yako mafungu mawili siku ya kwanza. Fungu la kupimia lifungie, na usilifungue mpaka kanuni zote ziwe zimekamilika.

Cha tatu ni binadamu wawili. Nani anasema jibu sahihi ni lipi? Mzizi wa "mpishi" ni "pik" au "pish"? "Kitabu" ukate "ki" kwa kuwa wingi ni "vitabu", au uliache zima kwa kuwa limetoka Kiarabu likiwa na "ki" yake? Wawape watu wawili maneno yaleyale, kila mmoja peke yake, uone wanakubaliana kiasi gani.

Hapa pana mtego. Tuseme una maneno 100 ambayo programu imeyashughulikia, na kila mtu anaandika "sawa" au "si sawa". Wote wawili wamesema "sawa" kwa maneno 85, wote wamesema "si sawa" kwa 5, wamepingana kwa 10. Wamekubaliana kwa asilimia 90, si haba! Lakini kila mmoja amesema "sawa" mara 90. Hata wangekuwa wanaandika wamefumba macho, kwa mwendo huo wangekubaliana kwa asilimia 82. Jacob Cohen mwaka 1960 alitupa njia ya kuiondoa bahati hiyo, inayoitwa kapa. Chukua 90 utoe 82, unapata 8. Gawanya kwa 18, ambayo ndiyo nafasi iliyobaki juu ya bahati. Jibu ni 0.44. Asilimia 90 imegeuka kitu cha wastani tu. Ukiona hivyo usiwalaumu hao watu wawili. Rudi kwenye maelezo uliyowapa, uyanyooshe.

Cha nne ni kuamua kabla ya kuona. Hiki ndicho kigumu, na anayekieleza vizuri ni Ronald Fisher katika kitabu chake cha 1935 kuhusu namna ya kupanga majaribio. Kuna bibi anadai kwamba akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ilitangulia. (Sisi tunaochemsha maziwa na maji sufuria moja tusicheke, tuendelee.) Fisher anapanga vikombe 8, vinne vya kila aina, vimechanganywa bila utaratibu. Bibi anajua ni vinne kwa vinne, kazi yake ni kuvitambua. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, kwa hiyo anayebahatisha atapata vyote mara 1 tu kati ya 70.

Sasa sikiliza. Tuseme amepata vitatu kati ya vile vinne. Je, tumpe ushindi? Ukihesabu, anayebahatisha atafika hapo au zaidi mara 17 kati ya 70, karibu robo. Kwa hiyo hapana. Lakini unaona jinsi ilivyo rahisi kusema "vitatu pia ni vizuri" ukiwa umeshaona majibu, hasa kama bibi ni shangazi yako. Ndiyo maana kiwango cha ushindi kinaandikwa kabla chai haijamiminwa.

Nami niliandika changu. Ukurasa mmoja: mpinzani ni nani, maneno ya kupimia ni yapi, nitapima vitenzi na nomino, na kipi nitakiita ushindi. Msimamizi alitia sahihi, nakala moja ikabaki kwake.

Siku ya kufungua maneno yaliyofungiwa, vitenzi vilikwenda vizuri. Programu yangu ilimshinda mpinzani waziwazi. Nomino zilikataa. Programu yangu ilikuwa na bidii ya kupita kiasi ya kutafuta nafsi na wakati. Ikiona "walimu", inang'oa "wa" na "li" na kubaki na "mu". Ikiona "anasa", inabaki na "sa". Kanuni ya kijinga, kwa kuwa haikujua habari za wakati, ilifanya uharibifu mdogo zaidi.

Jamani, zimebaki wiki tatu kabla ya kusimama mbele ya jopo. Karo ya mwaka mzima iko juu ya meza ile. Na suluhisho liko wazi: badilisha kichwa cha mradi kiwe "Mizizi ya Vitenzi vya Kiswahili", futa sehemu ya nomino, nani atajua? Hakuna tarakimu hata moja ambayo ingekuwa ya uongo. Lakini ripoti nzima ingekuwa uongo, kwa sababu msomaji angedhani vitenzi ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Ile karatasi yenye sahihi ilikuwa kwenye faili ya msimamizi, na nakala yangu kwenye daftari langu. Niliacha nomino zikae palepale, na jedwali lao.

Jopo lilitumia karibu muda wote kwenye nomino. Niliweza kujibu kila swali, kwa kuwa kila neno lililoharibika nilikuwa nimeliorodhesha pamoja na sababu yake. Nilipita. Na sehemu ya ripoti ambayo wanafunzi wananiomba hadi leo ni ile orodha ya yaliyoshindikana.

Kipimo kimoja zaidi kabla sijaaga. Ukilinganisha programu mbili kwa maneno yaleyale, yale ambayo zote zimepata au zote zimekosa hayakuambii nani bora. Tazama yale waliyotofautiana tu, kama Quinn McNemar alivyofundisha mwaka 1947. Tuseme ni maneno 20, yako imeshinda 12, nyingine 8. Inaonekana kama ushindi. Lakini rusha shilingi mara 20, utapata vichwa 12 au zaidi karibu mara 1 kati ya kila 4. Usiite sherehe bado.

Basi, kabla ya kuandika Sura ya Tatu, jibu haya kwenye karatasi moja:

1. Nadai nini, kwa sentensi moja?
2. Nashindana na nani?
3. Nani anaamua lililo sahihi, na wawili wanakubaliana?
4. Ni matokeo gani yatanifanya niseme dai langu si kweli?

Kama la nne huna jibu lake, bado huna mradi wa utafiti. Una programu, na programu ni kitu kizuri, lakini mtahini atakuuliza. Weka tarehe, mpe msimamizi atie sahihi. Agile iweke kwenye Sura ya Nne, unapoeleza jinsi ulivyojenga. Hapo ndipo kwao.

Kazi njema.