Shuggie Otis Alimaliza

Kuna kanda moja iliyoishi kwenye gari la mzee wangu mpaka gari likauzwa nayo ndani. Upande wa pili ulianza na "Strawberry Letter 23" ya Brothers Johnson. Kila Jumapili tukitoka kanisani mzee alikuwa anaongeza sauti ikifika hapo, mama anapunguza, mzee anaongeza tena. Nilikua nikijua huo ni wimbo wa Brothers Johnson, kwisha.

Miaka mingi baadaye, usiku mmoja kwa keja yangu Kahawa West, bando ikikaribia kuisha, ndipo nikagundua wimbo si wao. Uliandikwa na kijana anaitwa Shuggie Otis, na aliutoa mwaka wa 1971 kwenye albamu yake Freedom Flight, akiwa na miaka 17. Brothers Johnson waliurekodi upya 1977, Quincy Jones akiwa prodyuza, ukapanda hadi namba 1 kwenye chati ya R&B ya Marekani na namba 5 kwenye chati kuu ya pop. Hata ile solo ya gita ambayo mzee alikuwa anaifuatisha kwa vidole kwenye usukani, Lee Ritenour aliipiga akifuata nyayo za Shuggie.

Basi nikamtafuta Shuggie. Hapo ndipo nikakutana na Inspiration Information, albamu yake ya 1974, na mpaka leo sijaichoka. Nataka kuisifu hapa. Lakini lazima nikiri kwanza kwamba kwa muda mrefu nilikuwa naisifu kwa sababu mbaya.

Tuanze na yeye. Shuggie alizaliwa Los Angeles mwaka wa 1953. Babake, Johnny Otis, alikuwa kiongozi wa bendi na mtu mkubwa sana kwenye R&B; "Willie and the Hand Jive" ya 1958 ni yake. Mtoto alianza kupiga na bendi ya baba kabla hajafikisha umri wa kuruhusiwa vilabuni, kwa hivyo alikuwa anavaa miwani nyeusi na masharubu ya bandia ndiyo aonekane mtu mzima. Akiwa na miaka 15 alirekodi albamu na Al Kooper. Na ile besi unayoisikia kwenye "Peaches en Regalia" ya Frank Zappa, ya 1969, ni yeye.

Yaani huyu msee hakuwa na shida ya kujulikana. Watu wa muziki walishamjua, na walishampa kazi ya kufanya maisha yake yote: mpiga gita wa blues, mtoto wa ajabu. Angeweza kuzunguka dunia na hiyo kazi akiwa amelala.

Badala yake akajifungia. Inspiration Information ilimchukua karibu miaka mitatu. Aliandika nyimbo, akaimba, akapiga gita, besi, vinanda na ngoma. Wengine walihitajika kwa tarumbeta na violini peke yake, na hata hao yeye ndiye aliyewapangia wapige nini. Stevie Wonder alikuwa anafanya kitu cha aina hiyo miaka hiyohiyo, na Prince angekuja kufanya mwaka wa 1978. Tofauti ni kwamba hao wawili unawajua.

Sasa, sauti yenyewe. Wimbo wa kwanza, unaobeba jina la albamu, ni fanki, lakini fanki ya mtu aliyeketi. Ngoma hazikusukumi. Gita linajibu sauti, kinanda kinajibu gita, na Shuggie anaimba juu yake kama mtu anayeongea na wewe mkiwa wawili jikoni. Halafu kuna "Aht Uh Mi Hed." Ukiisoma kwa sauti utaelewa anachosema, ameandika jinsi mdomo unavyotamka. Hapo ngoma si ngoma, ni mashine.

Kama ulilelewa kwenye kanisa la mtaa, unaijua hiyo mashine. Ni ndugu ya ile midundo iliyomo ndani ya kinanda cha kanisa, ambayo mpigaji anabonyeza tu kitufe na inaanza, tiki-taka tiki-taka, na kama akisahau kuizima inaendelea mpaka kwenye maombi. Sisi tuliichukulia kama mzaha. Shuggie hakuwa wa kwanza kuitumia kwenye soul, Sly Stone alishaiweka kwenye albamu 1971, lakini namna alivyoitumia yeye ndiyo inanimaliza. Ameuacha huo mdundo mwembamba kama ulivyo, haujafichwa, kisha akauwekea juu yake violini, kinanda na sauti laini, mpaka kile kitu cha bei rahisi kikawa moyo wa wimbo. Leo kuna vijana wengi hapa Nairobi wanatengeneza muziki chumbani, laptopu juu ya kitanda, na hakuna anayeshangaa. Huyu alikuwa anafikiria hivyo kabla mama yangu hajazaliwa.

Albamu ilitoka, haikuuza. Mwisho wa 1974 Mick Taylor aliondoka Rolling Stones, wakawa wanatafuta mpiga gita, na Shuggie mwenyewe amesimulia kwamba aliulizwa, akakataa, kwa sababu alitaka kufanya muziki wake. Kisha Epic, lebo iliyotoa albamu, ikaachana naye. Albamu iliyofuata na jina lake ilikuja kuonekana 2013. Piga hesabu.

Hapo ndipo sababu yangu mbaya ilipoingilia.

Chuo niliacha nikiwa mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, na sehemu ile nyingine ni mimi. Niliwaambia watu kwamba nataka kuandika, na kweli nilikuwa naandika: hadithi moja ndefu, makala kama tano, mchezo wa redio, vyote vikiwa nusu. Mhariri akiuliza, namwambia bado inaiva. Jamaa akiuliza, namsimulia habari za Shuggie Otis. Unajua alikataa Rolling Stones? Unajua albamu ilichukua miaka mitatu? Unajua dunia ilimwelewa baada ya miaka karibu 30? Nilikuwa nimemfanya wakili wangu. Kila alichochelewesha yeye, mimi nilikihesabu upande wangu.

Na si mimi peke yangu. Ukisoma mengi yaliyoandikwa kumhusu, yanapenda zaidi kupotea kwake kuliko nyimbo zake. Gwiji aliyesahaulika, kijana aliyekataa umaarufu, mtu aliyetoweka. Hiyo ni hadithi tamu, na inatufaa sana sisi ambao hatujafanya chochote bado, kwa sababu inatupa matumaini bila kutudai kazi. Ukisahaulika, labda wewe pia ni gwiji.

Mama ndiye aliyeniharibia hiyo hadithi. Alipiga simu jioni moja, akauliza habari za chuo kama kawaida yake, kwa kuzunguka: ati mtoto wa jirani amefuzu, kulikuwa na sherehe, walikula mbuzi wawili. Nami nikamtolea wakili wangu. Nikamweleza kila kitu, kuanzia kwa kanda ya mzee.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sasa huyo kijana wako wa gita, baada ya hiyo miaka mitatu alikuwa na nini mkononi?"

"Alikuwa na albamu, mama."

"Kwa hivyo alimaliza."

"Alimaliza."

"Haya. Umekula?"

Sikuwa na jibu la hapo, wala la chakula. Usiku huo nilirudi kwa albamu nikiwa na hasira kidogo, nikitafuta ndani yake yule mtu wa polepole niliyekuwa namtetea. Sikumpata. Ukisikiliza kwa spika za simu, Inspiration Information inaonekana kama kazi ya mtu aliyejilaza tu. Vaa vipokea sauti masikioni uone. "Sparkle City" inachukua muda wake kabla hajafungua mdomo, na katika huo muda hakuna sekunde iliyoachwa bure. Tarumbeta zinaingia pale zinapohitajika na zinanyamaza pale unapozitamani. "Happy House" ni dakika moja na kitu tu, na inakwisha hapo kwa sababu imekwisha, hakuna kujaza nafasi. "Island Letter" inaanza kama barua kwa mpenzi aliye mbali, kisha maneno yanaondoka na muziki unaendelea kuandika ile barua. Mtu hafiki hapo kwa kungoja ije. Anafika kwa kurudia, kufuta, kurekodi tena, na siku moja kusema: hii hapa, chukueni.

Albamu nzima ni nyimbo 9, zaidi kidogo ya nusu saa. Alipokuwa anaitoa hakuwa amefikisha miaka 21. Ile miaka mitatu niliyokuwa naihesabu kama kuchelewa ilikuwa ni kazi, siku baada ya siku, na mimi nilikuwa nimechukua idadi ya miaka nikaacha kazi.

Kuna jambo lingine ambalo sikuwa nimelitilia maanani mpaka usiku huo. Nyimbo nne za mwisho hazina maneno kabisa. "Rainy Day", "XL-30", "Pling!" na "Not Available": moja baada ya nyingine, na Shuggie haimbi tena. Fikiria wewe ndiye lebo. Una kijana mzuri wa sura, mwenye sauti ya kuuza pop, ameandika wimbo kama "Strawberry Letter 23", na anakuletea albamu ambayo ananyamaza karibu katikati. Zamani nilidhani huo ni ukaidi, na niliupenda kwa sababu hiyo. Sasa nadhani alikuwa anaonyesha tu alichokuwa amekipata. Kwenye "Pling!" kuna mdundo mdogo wa mashine na vinanda vinavyotanda polepole juu yake, na kama mtu angekuletea leo akakwambia ni ya prodyuza fulani aliyeitoa wiki jana, usingebisha. Maneno yangeuharibu huo wimbo. Alijua, akayaacha nje.

Mwaka wa 2001 Luaka Bop, lebo ya David Byrne, iliitoa upya albamu hiyo, ikaongeza nyimbo nne kutoka Freedom Flight, na kizazi kipya kikaanza kuuliza huyu ni nani. Mwaka wa 2013 ikatolewa tena pamoja na Wings of Love, mkusanyiko wa vitu alivyorekodi baada ya 1974. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wakili wangu alikuwa ananificha. Shuggie hakutoweka. Miaka yote hiyo ambayo hakuna aliyetaka kutoa muziki wake, alikuwa anarekodi. Kisha akarudi jukwaani, mzee sasa, gita mkononi. Sitaki kusema kwamba mambo yalimwendea vizuri; kuachwa na lebo ukiwa kijana hivyo ni kuumizwa. Ninachosema ni kwamba aliyemkuta 2001 alikuta kitu. Kilikuwa kimekamilika, kimefungwa vizuri, kinangoja mtu tu. Hakuna lebo duniani inayoweza kufufua nyimbo tisa ambazo ziko nusu.

Sijarudi chuo, na sijui kama nitarudi. Mchezo wa redio bado uko pale ulipokuwa. Ile hadithi ndefu niliifunga mwezi uliopita, ikawa fupi, na haikuwa nzuri kama nilivyokuwa nawaambia watu. Lakini inasomeka kutoka mwanzo hadi mwisho, na mhariri amenirudishia ikiwa na maswali 14 pembeni. Sikuwahi kuulizwa maswali 14 nilipokuwa nasema inaiva.

Kama hujawahi kuisikia Inspiration Information, anza na "Aht Uh Mi Hed", ukiwa peke yako. Usiisome historia yake kwanza. Usimwonee huruma mtu yeyote. Sikiliza ile mashine, halafu sikiliza violini zinavyoingia, halafu ndiyo urudi mwanzo uicheze yote kwa mpangilio wake mpaka zile nne za kimya.

Nilipoenda nyumbani juzi nilimchezea mama huo wimbo kwa simu, tukiwa tunachambua mchele. Hakusema kitu mpaka ulipokuwa unaelekea kuisha.

"Huyu anaimba kama mtu asiyetaka kuamsha majirani," akasema. Kisha, baada ya kidogo: "Na ule wa kwenye gari la babako, yeye mwenyewe aliuimba vipi?"

Nikamwekea. Ile solo ilipofika, nilimwona anaongeza sauti.