Nani Anakula Bando Usiku? Kunasa Pakiti kwa Mstari wa Amri

Leo tuzungumzie kunasa pakiti, yaani kuiambia kompyuta iandike kila kifurushi kidogo cha data kinachopita kwenye waya au Wi-Fi: kimetoka wapi, kinakwenda wapi, saa ngapi, na kina ukubwa gani. Mfano wangu unatoka Lokiriama, maana huko niliiona thamani ya kazi hii kuliko nilivyoiona chuo kikuu.

Lokiriama iko magharibi ya Lodwar, ukipita Lorugum kuelekea mpaka wa Uganda. Wengi wanaijua kwa mkataba wa amani wa 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko. Mimi nilikwenda kwa ugomvi mdogo zaidi. Kituo kimoja cha mafunzo kilikuwa na intaneti ya setilaiti yenye bando la mwezi, na bando hilo lilikuwa likiisha kabla ya tarehe 15. Kwa vile data ilipungua zaidi usiku, lawama zote zikamwangukia mlinzi, mzee mwenye simu ya mkononi. Ilibaki wiki moja aachishwe kazi. Aliponiona na kompyuta yangu aliniuliza, "Kijana wangu, hiyo mashine yako inaweza kusema ukweli?"

Nikamjibu kwamba inaweza kusema sehemu ya ukweli. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi na kwa mzee mwenyewe, kwa sababu kunasa mawasiliano ya watu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Ndugu msomaji, usiiruke hatua hii.

Swali la kwanza si amri gani, ni usimame wapi. Ukinasa kwenye laptopu yako mwenyewe, kwa kawaida utaona pakiti zako na matangazo machache tu. Lazima ukae langoni. Pale lango lilikuwa kompyuta kuukuu ya Linux yenye kadi mbili za mtandao, moja ya setilaiti na nyingine ya ndani. Nilichagua ya ndani. Upande wa nje mashine zote hujificha nyuma ya anwani moja, huwezi kujua ipi ni ya nani.

Amri ilikuwa hii:

sudo tcpdump -i eth1 -n -s 96 -C 20 -W 50 -w usiku.pcap

tcpdump ni programu huria iliyoanza 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, na mpaka leo inafanya kazi. "-n" inaizuia kutafuta majina ya anwani, kwa hiyo haili bando unalolichunguza. "-s 96" inachukua baiti 96 za mwanzo za kila pakiti. Hapo mna anwani na namba za milango, na maneno ya watu karibu yote yanabaki nje. Ukubwa halisi wa pakiti huandikwa hata kama umeikata, basi hesabu haipotei. "-C 20 -W 50" inatengeneza faili 50 za baiti milioni 20 kila moja, kisha inaanza kuandika juu ya ile ya zamani. Diski ndogo haitajaa.

Baada ya siku tatu niliziunganisha faili na kujumlisha kwa kila anwani:

mergecap -w yote.pcapng usiku.pcap*
tshark -r yote.pcapng -q -z endpoints,ip

Angalia saa pia. Faili huhifadhi wakati wa UTC, na programu huuonyesha kwa saa za kompyuta inayosoma. Lango lilikuwa limewekwa UTC, kwa hiyo 21:00 yake ni saa 6 usiku ya kwetu. Ukisahau saa hizo tatu unaweza kumlaumu mtu wa zamu nyingine kabisa.

Majibu yalikuwa wazi. Simu ya mzee haikufika MB 10 kwa usiku mmoja. Anwani nyingine ilikuwa inapeleka nje zaidi ya MB 600 kila usiku, kuanzia saa 8. Ilikuwa laptopu ya ofisi, inayoachwa ikichaji na mlango umefungwa.

Laptopu ile ilikuwa ya Windows 11, na sikutaka kupakua kitu kwa bando linalokufa. Bahati nzuri, tangu 2018 Windows ina pktmon ndani yake. Fungua dirisha la amri kama msimamizi:

pktmon start --capture --pkt-size 96
pktmon stop
pktmon etl2pcap PktMon.etl --out laptopu.pcapng

Kisha "netstat -b" ikanitajia programu iliyoshika mlango ule: ya kuhifadhi nakala za picha, iliyokuja na laptopu ya msaada. Ilikuwa ikipeleka folda nzima, bando linakatika katikati, kesho yake inaanza upya. Wenye Mac hamhitaji hata hayo, tcpdump mnayo tayari. Badilisha eth1 iwe en0.

Tuliizima programu, na mwezi uliofuata bando lilifika tarehe 29. Mzee yuko kazini.

Lakini nisiwadanganye kuhusu uwezo wa kifaa hiki. Pakiti inaonyesha mashine, haionyeshi mkono. Kilichomwokoa mzee si tshark peke yake. Ni tshark pamoja na ukweli kwamba ufunguo wa ofisi ulikaa kwa msimamizi. Kama laptopu ingekuwa mezani kwake, namba zile zile zingeweza kumfukuzisha. Kwa hiyo ukishapata jedwali lako, kabla ya kutaja jina la mtu, uliza nani alikuwa wapi na nani ana ufunguo.

Haya, kwa leo niishie hapo. Jaribuni kwanza kwenye mashine zenu wenyewe. Mtashangaa ni nani anayeongea wakati nyinyi mmelala.