Kumtazama Beit al-Ajaib

Nyumbani kwetu Ng'ambo, Zanzibar, neno "kutazama" lilikuwa na kazi mbili. Sikukuu ya Idi tulikwenda Forodhani kutazama watu na vyombo vya baharini. Akiumwa jirani, bibi alijitanda kanga, akatia machungwa kikapuni, akaaga: "Nakwenda kumtazama mwenzangu." Kutazama kwa kwanza mtu alikwenda mikono mitupu akarudi na hadithi. Kwa pili hakuna aliyekwenda mikono mitupu, na ukifika huanzi kusimulia yako: unauliza kalala vipi, homa imeshuka, uji umepita?

Nilikuwa mtoto miaka ya themanini, na kutazama nilikokujua ni kule kwa kwanza. Tukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja na nguo za Idi, vumbi hadi magotini, tuliteremka hadi pwani kusimama mbele ya jumba la Beit al-Ajaib. Hatukuwa na habari na Seyyid Barghash wala mwaka 1883 alipoijenga. Tulipanda mizinga ya Wareno iliyowekwa mbele ya jumba, mmoja akiwa nahodha na wengine mabaharia, kisha tukainua shingo kuhesabu nguzo mpaka tukapotea hesabu. Ndani hatukuingia. Kwetu lile lilikuwa kama mlima: lipo, lilikuwepo, na litakuwepo.

Aliyetupeleka mara nyingi ni mjomba, kaka yake mama, fundi wa chokaa. Sisi tulitazama juu, yeye chini. Alikuwa akijisogeza mpaka ukutani, anakunja kidole na kugonga kwa kifundo mara mbili tatu, sikio karibu, kama anayebisha hodi nyumba ya watu. Nilimwonea haya. Siku moja nikamuuliza anatafuta nini.

"Sikiliza mwenyewe, mwanangu." Akagonga. Sauti ikatoka kavu, fupi. Akasogea hatua mbili, akagonga tena. Safari hii ukuta ukajibu kama dafu tupu. "Hapa lipu imeachia. Kwa nje nyeupe, kwa ndani imeshaagana na jiwe."

Kwa njia ya kifundo kile nilijifunza jinsi Mji Mkongwe ulivyojengwa. Jiwe lake ni tumbawe, lina vitundu na linakunywa maji. Linashikwa na chokaa, nayo ni tumbawe lile lile lililochomwa juu ya tanuri la magogo, likamwagiwa maji, likalowekwa mpaka likawa laini kama siagi. Chokaa, alisema mjomba, inapumua: masika inaingiza unyevu, kiangazi inautoa. Ukiipaka saruji juu yake umeuziba mdomo, na maji yaliyokwishaingia yanatafuta pa kutokea. Yakikosa yanakwenda kwenye boriti, na boriti huoza bila kupiga kelele. Kwa hiyo nyumba ya chokaa haijengwi ikaachwa. Kila baada ya masika unaipandia darini ukaiuliza hali.

Katikati ya miaka ya tisini nilimaliza kidato cha nne. Kazi hakuna, wageni wanamiminika. Nikaokota Kiingereza changu na Kitaliano cha kubabaisha, nikawa mtembezaji. Watu wa mjini walituita papasi, jina la mdudu anayekunyonya damu umelala, na baadhi yetu tulistahili.

Njia ilikuwa ile ile kila siku. Darajani asubuhi, samaki wakiwa bado wanameta. Kisha Mkunazini, kanisa lililosimama pale pale penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nilionyesha nguzo ambazo inasimuliwa mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu, Askofu Steere, msimamizi wao, akiwa safarini. Wageni walicheka, nami nikawapeleka kwenye vyumba vya chini, na hapo kicheko kikakatika chenyewe. Halafu vichochoro hadi Shangani, kurudi Ngome Kongwe waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, na jioni tukamalizia mbele ya Beit al-Ajaib. Hapo nilikuwa naghani: nyumba ya kwanza Zanzibar kuwaka umeme! Ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti! Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga kwa muda usiofika saa nzima, zikabomoa majumba ya jirani na mnara wa mbele. Hili likabaki, na mnara huu mnaouona ukaja kuunganishwa nalo baadaye. Wageni waliinua kamera, nami nikainua bei.

Usiku mjomba aliniuliza, "Leo umewaambia lipi?"

"La lifti."

"Na paa?"

Sikuwa na la kusema juu ya paa. Hakuna mgeni aliyewahi kuliuliza.

Mambo yakaenda mbio. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia. Beit al-Ajaib ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mimi niliyekulia juu ya mizinga yake nikaingia ndani kwa mara ya kwanza nikiwa na wageni nyuma yangu. Uani palikuwa na mtepe mzima, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Nilizunguka mtepe ule nikisahau kuwa niko kazini.

Mwaka 2009 bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa na mfuko wa Aga Khan. Vibatari vilivyokuwa vikipepesuka juu ya meza za pweza na mishkaki vikazipisha taa za umeme. Vijana waliokuwa wakijitupa baharini kwa kujifurahisha wakawa na jina, makachu, na watu wa kuwapiga picha. Wageni nao hawakuwa tena wazungu peke yao. Boti za mwendo wa kasi zilileta familia kutoka Dar es Salaam, mama na watoto, kula urojo na kurudi. Niliwapenda hao, maana walinikumbusha sisi wa Idi.

Kisha, mwaka 2012, kipande cha roshani kikaanguka na makumbusho yakafungwa. Nilikwenda kwa mjomba kama anayepeleka habari ya msiba. Alikuwa barazani anamenya muhogo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote mlikuwa mnatazama," akasema. "Hamkuwa mnamtazama."

Nilidhani ulimi umeteleza, jumba kulisema kama mtu. Nilipofika nusu ya njia ndipo nikamkumbuka bibi na kikapu chake.

Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya kuikarabati, sehemu kubwa ya mbele ilianguka, na mnara pamoja nayo. Simu yangu ilijaa picha za vumbi. Kila aliyenipigia aliulizia mnara, saa, nguzo. Mjomba alipopokea hakuuliza hata kimoja kati ya hivyo. Alisema neno moja tu: "Mafundi?" Wawili walifariki. Akanyamaza, kisha akasoma Fatiha simu ikiwa bado sikioni.

Mwaka 2022 aliniomba nimpeleke. Alikuwa ametanguliza fimbo sasa, na kutoka Darajani hadi pwani tulipumzika mabaraza manne. Mbele ya jumba palizungushiwa mabati. Alisimama kwenye upenyo mdogo, jicho moja limefumbwa, kwa muda ambao kundi zima la watalii lilifika, likasimuliwa, likapiga picha na kuondoka. Kijana aliyewaongoza alighani mistari ile ile, umeme na lifti, na niliona aibu kana kwamba nimesikia sauti yangu kwenye kanda ya zamani. Mjomba hakusema kitu. Alitoa mfukoni kitambaa, akafuta jicho la upenyoni. Vumbi, alisema.

Kurudi hakutaka njia kubwa. Tulipita uchochoroni, na kwenye nyumba ya kwanza akaniachia mkono, akajisogeza ukutani. Akagonga kwa kifundo, mara mbili, sikio karibu. Nyuma yetu watu walisimama kutupisha, wakidhani mzee ameshikwa na kizunguzungu. Safari hii sikumwonea haya. Niliweka sikio langu upande wa pili.

"Huu bado una nguvu," akasema, akaushika mkono wangu kwenda ukuta unaofuata.