Kihisi Mkononi, Ngoma Kiunoni

Nilimharibia mchezaji ngoma yake. Yeye hakukosea hata hatua moja. Kosa ni langu.

Kihisi chepesi hufungwa mwilini, kikapima mabadiliko ya kasi na mzunguko wa kiungo, kikatuma vipimo kwa redio hadi kwenye kompyuta, na projekta ikachora rangi zinazofuata mwili. Wazo hili si geni: mwaka 1965, New York, mbunifu wa dansi Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage walionyesha Variations V, ambamo antena na seli za mwanga zilinasa mwendo wa wachezaji na kuugeuza sauti. Mimi nilitaka sindimba, ngoma ya Wamakonde wa Mtwara, ijichoree picha zake.

Nikafunga vihisi kwenye vifundo vya mikono. Mifano niliyojifunzia ilifanya hivyo, mkanda hushika vizuri hapo, betri hubadilishwa upesi, na siku za mazoezi nilikuwa nimeinamia kompyuta badala ya kutazama ngoma inaanzia wapi. Sindimba huanzia kiunoni. Yeyote aliyekulia Mtwara angeniambia. Sikuuliza.

Usiku wa onyesho, ngoma zilipopamba moto na mauno yakakolea, skrini ilibaki nyeusi. Mchezaji akageuka, akaiona, akaanza kurusha mikono. Rangi zikalipuka, watu wakashangilia. Akazidi kurusha, kiuno kikapoa. Mpiga ngoma mkuu akabadili mdundo kumwita kwenye mtindo mwingine; hakuitika. Hapo nikaelewa. Alikuwa amewaacha wapigaji, anakichezea kifaa changu. Sikuwa na la kufanya ila kukaa nyuma ya meza na kutazama hadi mwisho.

Kikundi cha ngoma kilikataa onyesho la pili, nami niliona wana haki. Mzee wao aliniambia, "Mwanangu, leo umetuchezesha wewe."

Baadaye nilihamishia vihisi kiunoni na miguuni, nikakuta kosa jingine. Kikomo cha kipimo cha vihisi kilikuwa kimeachwa kwenye 2g, yaani mara mbili ya mvutano wa dunia, na mshindo wa mguu sakafuni hupita hapo kwa urahisi. Kila kilele kilikuwa kinakatwa. Nikapandisha hadi 16g. Ukijaribu kazi hii, nenda mazoezini mikono mitupu kwanza, ukae karibu na wapigaji. Na skrini iwekwe mahali ambapo mchezaji haioni.