Kutoka Masisi hadi Murara: kufuata karatasi za familia



Goma ni mji wa watu waliotoka mahali pengine. Uliza kwenye avenyu yoyote ya Majengo, Katoyi au Ndosho. Huyu wazazi wake walitoka Lubero kwa biashara, yule alivuka ziwa kutoka Idjwi, mwingine alishuka Masisi usiku, mtoto mgongoni. Kila mmoja anaijua safari yake. Lakini ukiuliza karatasi ziko wapi, wengi wananyamaza. Na siku baba wa nyumba anapokufa, karatasi ndizo zinazosema nani atabaki ndani.

Mjane mmoja wa chama chetu, mwenye parseli Murara, ameifuata njia hiyo mwaka huu. Matanga hayakuwa yamekwisha, ndugu za marehemu wakaja kuomba funguo. Akaanza kutafuta karatasi moja moja, na wengine wetu tukamsindikiza.

Njia yake inaanzia juu milimani. Kutoka Goma unapita Mugunga, unafika Sake, kama kilometa 25. Hapo barabara inagawanyika: moja inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, nyingine inapanda Mushaki kuelekea Masisi, penye majani, ng'ombe na baridi ya asubuhi. Babu wa marehemu mume wake aliletwa huko wakati wa Wabelgiji. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ilihamisha maelfu ya familia kutoka Ruanda, ikaziweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi. Ofisi yake iliitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Ruanda ardhi ilikuwa haba, na mashamba ya wazungu ya Kivu yalitaka wafanyakazi. Lakini milima ile ilikuwa na wenyewe, Wahunde, na machifu wao. Magomvi mengi ya shamba tunayoyasikia hadi leo yana mizizi katika mpango ule, ambao hakuna mama aliyeulizwa, wa upande huu wala wa upande ule.

Karatasi za serikali ya wakati ule nyingi zilipelekwa Ubelgiji. Zilizobaki karibu nasi ni za makanisa. Kitabu cha ubatizo kinaandika jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, na siku. Kwa Wakatoliki, ndoa nayo huandikwa pembeni ya jina lile lile. Jimbo la Goma liliundwa 1959. Kabla ya hapo misioni zetu zilikuwa chini ya Bukavu. Anayemtafuta bibi aliyebatizwa zamani aanze kwenye parokia yenyewe, kisha aulize Bukavu. Mjane wetu alimpata mama mkwe wake hivyo: mstari mmoja wa wino uliofifia, na jina ambalo wajukuu hawakuwahi kulisikia.

Si sisi peke yetu tunaotafuta hivi. Marekani, wajukuu wa watumwa wanapofuata ukoo wao, njia huwa ngumu wakifika mwaka 1870. Hesabu ya watu ya mwaka ule ndiyo ya kwanza ya taifa kuwaandika watu wote waliotoka utumwani kwa majina yao kamili. Nyuma ya hapo wanafungua karatasi za urithi za mabwana. Tajiri alipokufa, mali yake iliandikwa yote: meza, ng'ombe, sufuria, na watu. Jina la mama liko hapo, na bei pembeni. Karatasi iliyoandikwa ili kugawanya mali imekuwa shahidi kwamba mama yule aliishi. Wake wa wazungu nao, wakati ule, walipoolewa mali yao iliingia mikononi mwa mume. Ni polepole tu majimbo yalibadilisha sheria. New York ilifanya hivyo 1848.

Kwetu si zamani sana. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi mbele ya sheria. Ruhusa hiyo iliondolewa 2016.

Turudi Murara. Tarehe 17 januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, ukala kanisa kuu la Saint-Joseph, ukashuka hadi ziwani. Nyumba ya mjane wetu ilikwenda, na mawe ya mpaka yakafunikwa. Watu walijenga tena juu ya jiwe jeusi, na mpaka ukawa ule majirani waliokubaliana. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani wa zamani ni mali. Uandikwe akiwa bado hai.

Mbele ya sheria, ardhi ni ya Leta tangu 1973. Tunachopewa ni haki ya kukaa na kutumia, na hati yake kamili ni sertifika ya ofisi ya ardhi. Karatasi ya mauzo au ya chifu inasaidia, lakini haitoshi.

Na urithi? Watoto wa marehemu wanachukua robo tatu, wa kike sawa na wa kiume, pamoja na wale wa nje ya ndoa aliowatambua. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake, na vyombo vyake. Hakuna sheria inayompa shemeji funguo. Lakini ndoa iwe imeandikishwa etasivili. Ya mila au ya kanisa peke yake inamwacha mama bila nguvu. Mjane wetu aliandikisha ndoa yake komini zamani, na karatasi ile ndiyo iliyomkalisha. Mashemeji walipoiona, walikaa chini wakazungumza.

Basi wamama, juma hili tufanye haya:

Mtoto aandikishwe kabla ya siku 90. Zikipita, ni lazima kwenda mahakamani.

Ndoa ambayo haijaandikishwa, mume na mke waende komini pamoja wakiwa wazima wote wawili.

Kila karatasi itolewe kopi mbili, moja ikae mbali na nyumba. Mei 2021 volkano ilipolipuka tena, wengi tulitoka mikono mitupu.

Nunueni kaye moja. Andikeni majina ya babu na bibi, kijiji, mwaka wa kuhama, na nani alimuuzia nani. Wazee waulizwe sasa.

Mwenye karatasi asiyoielewa ailete kwenye mkutano, tuisome pamoja.