Penseli ya Maruge: Kiwewe na Kisengere Nyuma katika Filamu

Kila nifundishapo mbinu za usimulizi, huwaonyesha wanafunzi wangu The First Grader (2010), filamu iliyoongozwa na Justin Chadwick, ili waone namna kisengere nyuma kinavyofanya kazi nje ya kitabu. Filamu hiyo yatokana na maisha ya Kimani Maruge, mkongwe wa Mau Mau aliyejiunga na darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Katika onyesho moja mzee aagizwa achonge penseli. Ncha yake yamrudisha kizuizini, ambako mtesaji alimdunga penseli sikioni, naye afadhaika mbele ya watoto.

Kwa miaka mingi nililisifu onyesho hilo. Mwaka jana mwanafunzi mmoja, wa aina ile isiyozungumza ila mara moja kwa muhula, aliniuliza: "Mwalimu, na siku ambazo hakuna penseli?"

Sikuwa na jibu, kwani swali lile lilikwisha kunipeleka nyumbani. Babu yangu, mzaa baba, alizuiliwa na wakoloni katika miaka ya hamsini. Hatukumwona hata siku moja akipiga mayowe wala kutetemeka. Alikuwa akila amesimama, mgongo ukutani. Usiku alikuwa akituhesabu wajukuu mara mbili, mara tatu, na aliyechelewa kutoka mtoni alichapwa. Tulimwita mkali, basi. Alipofariki nilikuwa mwaka wa pili chuoni; nilisingizia mitihani, sikwenda kumzika.

Kisengere nyuma huhitaji kichocheo: penseli, harufu, mlio wa buti. Huyapa mateso tarehe na mahali, kisha humwacha mtazamaji akidhani ameelewa. Hata neno kiwewe, tulilolichagua kwa hali hii, lina ughafla ndani yake. Nikiazima istilahi ya sarufi, filamu hizi husema kwa -li-: alipigwa, alidungwa, alifungwa. Jeraha la babu lilikuwa katika hu-. Lilikuwa mazoea, nasi tulilelewa ndani yake tukidhani ni tabia ya mtu.

Hii haimaanishi kwamba sinema haiwezi hu-. Katika 12 Years a Slave (2013) ya Steve McQueen, Solomon Northup aachwa akining'inia mtini, vidole vya miguu vikigusa tope, ilhali nyuma yake watumwa wenzake waendelea na kazi na watoto wacheza. Picha yadumu mno hata mtazamaji aanza kuizoea, na kuizoea huko ndiko kunakotisha. Hata hivyo filamu hiyo nayo yakomea mlangoni. Northup arejea kwa jamaa zake mwaka 1853 na, ajabu ya maajabu, yeye aliyeibwa ndiye aombaye radhi. Usiku wake wa kwanza kitandani mwake hatuoneshwi. Riwaya imethubutu zaidi: Kezilahabi katika Kichwamaji (1974) hakumwachilia Kazimoto mlangoni, ingawa kisa chake ni kingine.

Siwalaumu waongozaji peke yao. Sheria nayo hudai -li-: nani, wapi, lini. Serikali ya Uingereza ilipotangaza, Juni 2013, majuto yake na malipo kwa wadai 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, nilifurahi kama Mkenya yeyote. Lakini kula umesimama si kovu la kumwonyesha hakimu, na mjukuu aliyechapwa kwa kuchelewa mtoni hana dai. Nashuku kwamba filamu zetu za dhuluma ya rangi zimejifunza kusimulia kutoka mahakamani: huleta ushahidi wa mateso, zikapata hukumu ya mtazamaji, zikafunga faili.

Likizo iliyopita nilimwendea shangazi, nikamuuliza iwapo babu aliwahi kusimulia habari za kizuizini. Akasema hapana. Nikamkumbusha, kwa mzaha kidogo, jinsi alivyokuwa akituhesabu. Shangazi hakucheka.

"Nyinyi mlikuwa mkilala," akasema. "Mlikuwa saba. Yeye alikuwa akifika saba, akaendelea."