Mtindi uliopewa jina la mtoto

Mbele ya friji la duka kubwa, anayechagua mara nyingi si mzazi. Ni mtoto. Ananyoosha kidole kwenye kikombe chenye picha ya stroberi au katuni, na mzazi analipa bila kubishana sana. Angeomba soda angenyimwa. Angeomba pipi angeambiwa meno yataoza. Lakini hii ni yogati, na yogati ni maziwa, na maziwa ni afya.

Imani hiyo ina historia, na sehemu yake kubwa inapita kwa baba mmoja na mwanawe.

Baba huyo aliitwa Isaac Carasso. Alizaliwa Salonica, mji ambao leo unaitwa Thessaloniki na uko Ugiriki, lakini enzi hizo ulikuwa chini ya Waturuki wa Dola ya Osmani. Alitoka katika jamii ya Wayahudi ambao mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Kule alikokulia, mtindi ulikuwa chakula cha kila siku, kama ulivyo kwa Wamasai, au kama maziwa lala yalivyo kwa familia nyingi za Kenya. Hakuna aliyeuona kama kitu cha ajabu.

Carasso alipohamia Barcelona na familia yake, alikuta hali tofauti. Watu wengi wa huko hawakuujua mtindi. Kilichojulikana sana ni watoto kuumwa matumbo. Joto lilikuwa kali, usafi ulikuwa duni na majumbani hakukuwa na friji.

Wakati huohuo, Ulaya ilikuwa inazungumzia sana maziwa yaliyochachushwa. Mwaka 1905 daktari kijana wa Bulgaria, Stamen Grigorov, aliitambua bakteria inayougandisha mtindi wa kwao. Kisha Elie Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili, akatoa hoja kwamba wakulima wa Bulgaria huishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa wanayokunywa. Aliamini bakteria hao wanaingia tumboni na kuwafukuza wabaya. Utafiti uliofuata ulionyesha mambo si mepesi kiasi hicho, kwani bakteria yule wa Bulgaria hakai kwa kudumu kwenye utumbo wa binadamu. Lakini wazo lilikuwa limeshasambaa, na Carasso alilishika.

Mwaka 1919 akaanza kutengeneza mtindi Barcelona. Akaupa jina la mwanawe Daniel, ambaye nyumbani aliitwa kwa kudekezwa "Danon". Ndiyo asili ya neno Danone, ambalo leo limeandikwa kwenye vikombe karibu kila pembe ya dunia.

Mahali alipouza ndipo penye uzito. Mtindi wa Carasso uliuzwa kwenye maduka ya dawa. Madaktari waliupendekeza kwa wagonjwa wa tumbo, watoto wakiwamo. Ulikuwa mtupu na mchachu. Mama wa Barcelona aliyeununua hakuwa anamtafutia mtoto kitu kitamu cha baada ya chakula, alikuwa anatafuta nafuu.

Daniel alikua, akasomea biashara, kisha akajifunza masuala ya bakteria katika Taasisi ya Pasteur. Mwaka 1929 alifungua kampuni Paris. Vita Kuu ya Pili ilipofika na Wanazi kuitwaa Ufaransa, Myahudi hakuwa salama tena, akakimbilia Marekani mwaka 1941. Mwaka uliofuata, yeye na rafiki wa familia, Joe Metzger, walichukua kiwanda kidogo cha mtindi huko Bronx, New York. Jina wakaliandika Dannon ili Wamarekani walitamke kwa urahisi.

Wamarekani hawakuupenda. Ulikuwa mchachu mno kwao, na kwa muda mrefu wateja walikuwa hasa wahamiaji waliouzoea tangu walikotoka. Mwaka 1947 kampuni ikaja na ufumbuzi: jamu ya stroberi chini ya kikombe. Mauzo yakapanda.

Ni vigumu kumlaumu mtu aliyekimbia vita, yuko ugenini na anatafuta namna ya kuuza chakula ambacho wenyeji wanakikunjia uso. Lakini hapo ndipo mtindi ulipotoka kwenye rafu ya dawa na kuelekea kwenye rafu ya vitu vitamu. Na sifa yake ya udaktari ukahama nayo.

Mengine ya kampuni ni habari za wafanyabiashara na yanaweza kusemwa haraka. Tawi la Marekani liliuzwa mwaka 1959 na kununuliwa tena mwaka 1981. Ufaransa, Danone iliungana na Gervais, watengenezaji wa jibini laini, mwaka 1967, na miaka sita baadaye ikaungana na BSN, kampuni iliyotokana na viwanda vya vioo. Daniel Carasso aliishi kuyaona yote. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 103, umri ambao bila shaka Metchnikoff angeutumia kama ushahidi.

Afrika Mashariki nayo iliguswa. Mwaka 2014 Danone ilinunua asilimia 40 ya hisa za Brookside ya Kenya, kampuni ya maziwa inayohusishwa na familia ya Kenyatta.

Turudi kwa mtoto na kikombe chake.

Brazil, vikombe vidogo vya Danone vya watoto viliwahi kutangazwa kwa maneno yaliyomaanisha kwamba kimoja ni sawa na kipande kidogo cha nyama. Wabrazili waliokua na tangazo hilo bado wanalikumbuka. Mzazi mwenye kipato kidogo akisikia hivyo, atafanya hesabu ya haraka, maana nyama ni ghali na kikombe ni rahisi. Tatizo ni kwamba nyama ina madini ya chuma, na maziwa yana chuma kidogo sana. Mtoto anaweza kushiba yogati kila siku, akanenepa mashavu, na bado akapungukiwa damu. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ambao upungufu wa damu ni tatizo kubwa katika nchi zetu, kikombe hakichukui nafasi ya maini, dagaa, maharage wala nyama.

Mwaka 2010 sifa za kiafya za Danone zilipimwa pande mbili za bahari. Mwezi Aprili kampuni iliondoa maombi yake kwa mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ya kuruhusiwa kutangaza faida za Activia na Actimel. Desemba, nchini Marekani, ilifikia makubaliano na tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara. Ilikubali kuacha kudai kwamba Activia kikombe kimoja kwa siku huondoa tatizo la choo, na kwamba kinywaji chake kingine, DanActive, hupunguza uwezekano wa kupata mafua. Ililipa dola milioni 21 kwa majimbo 39, bila kukiri kosa.

Mtindi wenyewe haukuwa na sumu wala uchafu. Kesi ilihusu maneno yaliyozidi ushahidi. Kuna dai moja ambalo EFSA ililikubali mwaka huohuo, na halikuwa la kampuni moja bali la mtindi wowote wenye bakteria hai: kwamba unamsaidia mtu ambaye tumbo lake linashindwa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa. Huenda ndiyo maana mtu anayejaa gesi akinywa maziwa freshi anakula mtindi bila shida. Faida hiyo haihitaji jina la Kilatini kwenye kifuniko, wala haihitaji stroberi.

Sasa sukari. Mtindi usiotiwa kitu una takriban gramu 4 hadi 5 za sukari yake ya asili katika kila gramu 100. Hiyo haina ubaya. Tuseme lebo nyuma ya kikombe inaonyesha gramu 13 kwa kila gramu 100, na kikombe kina gramu 150. Jumla ni gramu 19 na nusu. Ukiondoa ya asili, ambayo ni kama gramu 7 na nusu, zinabaki gramu 12 zilizoongezwa kiwandani. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Kwa hiyo ni vijiko vitatu. Hakuna mama ambaye angechukua bakuli la sukari akachota vijiko vitatu na kumtilia mwanawe wa miaka miwili kwenye mtindi, lakini kikombe kikishafungwa kwa karatasi inayong'aa hakuna anayeuona mkono uliochota.

Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku kutokana na chakula, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, ushauri wake ni kwamba vyakula vyenye sukari nyingi asipewe kabisa. Wauzaji hawajavunja sheria kwa kuweka kikombe kitamu kwenye friji. Ila hawana sababu ya kumkumbusha mzazi hesabu hii.

Watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaweza kuanza kuonja mtindi mtupu wanapoanza chakula cha nyongeza katika miezi sita, mradi umetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa au kupasteshwa. Unakuwa sehemu ya mlo, hauwi badala ya maziwa ya mama. Ukitaka kuutamisha, ponda ndizi mbivu au papai. Asali hapana, mpaka atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa hatari wa kupooza kwa watoto wachanga.

Na mtoto akiharisha? Hapa ndipo kumbukumbu ya duka la dawa la Barcelona inapoweza kuleta madhara. Wakati wa Isaac Carasso hakukuwa na ORS, leo ipo. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS mara moja, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na kuendelea kunyonya na kula. Mtindi anaweza kupewa kama chakula ikiwa ameuzoea, lakini haurudishi maji na chumvi alizopoteza. Macho yakiingia ndani, akashindwa kunywa, akalegea au kinyesi kikawa na damu, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo.

Kwa anayetaka mtindi kama ule wa kwanza wa Carasso, jiko la kawaida linatosha. Chemsha lita moja ya maziwa, kisha yaache yapoe mpaka kidole safi kivumilie joto lake bila kuungua, kama nyuzi 43 hadi 45. Chota vijiko viwili vya mtindi mtupu, ukoroge kwanza kwenye maziwa kidogo, kisha mimina kote. Funika, vingirisha chombo kwa blanketi au kitenge kizito, na usikitikise kwa saa sita hadi nane. Ukiganda, weka kwenye friji na bakiza vijiko viwili vya kuanzishia mwingine.

Mbegu ni lazima iwe na bakteria hai. Baadhi ya yogati za dukani hupashwa moto tena baada ya kuganda ili zikae muda mrefu bila friji, na joto hilo huwaua bakteria wote. Lebo ikiwa haisemi wazi, jiko litasema: maziwa uliyotia mbegu ya namna hiyo yatakuwa bado maji asubuhi.